“Teacher”, “tutor” au “lecturer”?

Ukiandika CV kwa Kiingereza, usijiite “teacher” kila mahali. Neno hilo ni la shule, kuanzia chekechea hadi sekondari. Wa chuo kikuu ni “lecturer”; wa udereva au kuogelea ni “instructor”. Penye mtego ni “tutor”. Uingereza na Marekani wengi huelewa mwalimu wa tuisheni, ilhali Tanzania mkufunzi wa chuo cha ualimu naye huitwa hivyo. Ukiomba kazi nje, andika kwa ukamilifu: “tutor at a teachers' college”, na somo lako. “Professor” iache kabisa kama huna cheo hicho: Marekani wanafunzi humwita hivyo karibu kila anayewafundisha chuo kikuu, lakini Uingereza ni ngazi ya juu kabisa.