Kutafuta kisichobadilika: somo la olimpiadi kwa kidato cha tano na sita

Vijana wangu wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) na EGM (uchumi, jiografia na hisabati), hapa Mwanza na ng'ambo ya ziwa, malalamiko yenu yanafanana: kalkulasi mnaiweza, vekta mnaziweza, lakini swali la olimpiadi, yaani mashindano ya hisabati, lenye mistari mitatu tu linawakalisha jioni nzima na karatasi inabaki nyeupe. Si kwamba hamjasoma vya kutosha. Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, iliyoanza Romania mwaka 1959, haidai kalkulasi hata kidogo. Maswali yake yanatoka kwenye aljebra, jiometri, nadharia ya namba na kombinatoriki. Ni maswali 6 kwa siku mbili, kila siku matatu kwa muda wa saa 4 na dakika 30, na kila swali lina alama 7. Olimpiadi ya Afrika, iliyoanza Moroko mwaka 1987, inafuata mtindo huo huo. Piga hesabu: ni saa moja na nusu kwa swali moja. Anayekupa muda huo hatarajii ukumbuke fomula, anataka ugundue kitu.

Leo tushughulike na ugunduzi wa aina moja tu, maana ukiushika utaukuta kila mahali. Kuna maswali yanayokupa hali ya mwanzo, yanakupa ruhusa ya kufanya hatua fulani mara nyingi utakavyo, kisha yanauliza: je, unaweza kufika hali fulani ya mwisho? Ukijaribu mara mia na usifike, bado hujathibitisha chochote. Pengine njia iko katika jaribio la mia na moja. Ili useme "haiwezekani" na ueleweke, lazima upate kitu ambacho kila hatua inakiacha vile vile, halafu uonyeshe kwamba mwanzo na mwisho havikubaliani katika kitu hicho.

Swali letu ni hili. Tafuta vizibo vya soda, vile vile mnavyochezea drafti:

Mezani kuna vizibo 33: vyekundu 10, vya bluu 11, vya kijani 12. Kila hatua unachagua vizibo viwili vya rangi tofauti, unaviondoa, na mahali pake unaweka viwili vya rangi ya tatu. Je, inawezekana vizibo vyote 33 kuwa vya rangi moja?

Hatua ya 1: Punguza namba, ucheze

Usianze na 33. Anza na vizibo 6: chekundu 1, vya bluu 2, vya kijani 3. Nitaandika (1, 2, 3) kwa mpangilio huo: nyekundu, bluu, kijani.

Ondoa chekundu na cha bluu, weka viwili vya kijani: (0, 1, 5). Hapo nyekundu zimekwisha, hivyo chaguo ni moja tu: ondoa cha bluu na cha kijani, weka vyekundu viwili: (2, 0, 4). Tena chaguo ni moja: ondoa chekundu na cha kijani, weka viwili vya bluu: (1, 2, 3). Umerudi ulikotoka.

Sasa jaribu (1, 4, 2). Ondoa cha bluu na cha kijani: (3, 3, 1). Halafu ondoa chekundu na cha bluu mara tatu: (0, 0, 7). Vyote kijani!

Kwa nini moja imekubali na nyingine imekataa? Kaeni na swali hilo kabla ya kusoma mbele. Nasisitiza, kwa sababu wanafunzi wengi huruka hatua hii wakidhani ni ya watoto. Kazi yote imo humu. Andika kila hali unayopita, moja chini ya nyingine, bila kufuta.

Hatua ya 2: Chunguza tofauti

Jumla haibadiliki, ni kweli, lakini haitusaidii: 33 mwanzo, 33 mwisho. Tuangalie tofauti kati ya rangi na rangi. Katika mzunguko wetu wa kwanza, bluu kutoa nyekundu ilikuwa 1, ikabaki 1, ikawa −2, ikarudi 1. Kijani kutoa bluu ilikuwa 1, ikawa 4, ikabaki 4, ikarudi 1.

Umeona? Tofauti ama inatulia, ama inaruka kwa 3. Haiguswi kwa 1 wala kwa 2. Na sababu iko wazi ukirudi kwenye kanuni ya mchezo: rangi mbili zinazotolewa zinapungua 1 kila moja, hivyo tofauti yao haibadiliki. Rangi ya tatu inaongezeka 2, hivyo tofauti yake na kila moja ya zile mbili inabadilika kwa 2 + 1 = 3.

Hatua ya 3: Andika uthibitisho

Hapa ndipo alama zinapopotea. Jibu tupu la "haiwezekani" halina thamani mbele ya msahihishaji, kwa sababu hata aliyebahatisha ana nafasi sawa ya kuliandika. Kazi safi iwe hivi:

"Tuchukue n, b na k kuwa idadi ya vizibo vyekundu, vya bluu na vya kijani. Katika kila hatua, idadi mbili kati ya hizi zinapungua 1, na ya tatu inaongezeka 2. Kwa hiyo tofauti ya idadi yoyote mbili ama haibadiliki, ama inabadilika kwa 3. Hivyo, ikiwa tofauti haigawanyiki kwa 3 mwanzoni, haitagawanyika kwa 3 baada ya hatua zozote. Mwanzoni b − n = 1, k − b = 1, k − n = 2; hakuna hata moja inayogawanyika kwa 3. Kama vizibo vyote vingekuwa vya rangi moja, idadi za rangi mbili nyingine zingekuwa 0 na 0, na tofauti yake 0, ambayo inagawanyika kwa 3. Huo ni mgongano. Kwa hiyo haiwezekani."

Basi, imekwisha. Hakuna "kama tunavyoona" wala mishale ya kuelekea pembeni mwa karatasi. Kila sentensi inasimama juu ya iliyotangulia. Isome kwa sauti; ukikuta sentensi ambayo rafiki yako akiuliza "kwa nini?" huna jibu, hapo kuna shimo la kuziba.

Hatua ya 4: Geuza swali

Hii haidaiwi na swali, lakini mwenye nia ya kufika mbali asiiache. Tumejua kwamba pasipo tofauti inayogawanyika kwa 3, haiwezekani. Je, ikiwepo, inawezekana daima?

Ndiyo. Tuseme b − n inagawanyika kwa 3 na b ni kubwa zaidi. Ondoa cha bluu na cha kijani, weka vyekundu viwili: tofauti inapungua kwa 3. Rudia. Kijani kikiisha njiani, ondoa chekundu na cha bluu kimoja kimoja, upate vya kijani 2, tofauti ikiwa ile ile, kisha endelea. Nyekundu nazo zikiwa hazipo pamoja na kijani, basi vyote ni bluu na kazi imekwisha. Tofauti inazidi kushuka mpaka 0. N na b zikilingana, ziondoe mbili mbili mpaka vyote viwe kijani.

Angalieni silaha ya pili iliyojitokeza: kitu kinachopungua tu, ambacho hakiwezi kupungua milele. Ndicho kinachotuhakikishia kwamba mchezo utafika mwisho.

Mfano wa pili, kwa rangi

Ubao wa miraba 6 kwa 6. Unaweza kuufunika wote kwa vipande vyenye umbo la herufi T, kila kimoja cha miraba 4, bila kupandana wala kutoka nje? Vingehitajika vipande 9. Paka ubao rangi kama wa drafti: nyeusi 18, nyeupe 18. Kila T ina mraba wa kati na majirani zake watatu, na majirani hao wana rangi tofauti na wa kati. Kwa hiyo kila T inafunika nyeusi 1 au 3, ambayo ni witiri. Witiri tisa zikijumlishwa zinatoa witiri, lakini 18 ni shufwa. Haiwezekani.

Maswali ya wanachama

*Kidato cha tano PCM, Nyegezi:* Mwalimu shikamoo. Ubao wa 8 × 8 nimejaribu hoja hiyo hiyo haikubali. Ina maana inawezekana?

Marahaba. Swali zuri sana. Hoja ikishindwa kukataza, haina maana kwamba imeruhusu. Hapo vipande ni 16, witiri kumi na sita zinatoa shufwa, hakuna mgongano. Ili useme inawezekana lazima uonyeshe mpangilio wenyewe. Huu hapa wa 4 × 4, kila herufi ni kipande kimoja:

A A A B
C A B B
C C D B
C D D D

Ubao wa 8 × 8 ni vinne vya hivi. Ukimaliza, fanya 10 × 10.

*Kidato cha sita EGM, Ilemela:* 10 × 10 nimepata vipande 25, ni witiri, na nyeusi ni 50, shufwa. Kwa hiyo haiwezekani. Nimepatia?

Umepatia kabisa. Ongeza tu sentensi inayosema kwa nini kila T inafunika witiri ya nyeusi. Usimwachie msahihishaji aikisie.

*Kidato cha tano PCM, Nansio:* Mwalimu, huku Ukerewe tumejitungia letu. Visiwa 9, kila kimoja kina njia za mtumbwi kwenda visiwa vingine vitatu kamili, na kila njia inaunganisha visiwa viwili. Tumechora mpaka daftari limejaa. Inawezekana?

Hongereni kwa kujitungia! Hesabuni ncha za njia. Kila kisiwa kina ncha 3, jumla 9 × 3 = 27. Lakini kila njia ina ncha mbili, hivyo jumla ya ncha lazima iwe shufwa. 27 ni witiri, haiwezekani. Kwa visiwa 4 inawezekana: unganisha kila kimoja na vyote vitatu vilivyobaki. Sasa choreni visiwa 6, na msiviunganishe vitatu vitatu vikiwa makundi mawili yasiyoonana. Hiyo haifiki hata njia 3 kwa kisiwa.

*Kidato cha sita PCM, Buhongwa:* Kwenye uthibitisho naweza kutumia alama ya mod badala ya maneno? Na −2 ukiigawa kwa 3, baki inakuwaje 1?

Tumia. Alama hiyo, inayosema kwamba namba mbili zina baki sawa zikigawanywa kwa namba fulani, ni halali tangu mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss alipoitambulisha mwaka 1801. Kuhusu baki: ukigawa kwa 3, baki lazima iwe 0, 1 au 2, haiwi hasi. −2 = 3 × (−1) + 1, ndiyo maana baki ni 1. Ndiyo pia sababu 1, −2 na 4 za kwenye mzunguko wetu ni "sawa" machoni pa 3: zote zina baki 1.

*Mzazi, Igoma:* Binti yangu yuko kidato cha pili, anapenda sana hesabu. Aanze haya sasa au asubiri afike kidato cha tano?

Mama, asisubiri. Sharti la olimpiadi ya kimataifa ni mshiriki awe chini ya miaka 20 na asiwe amejiunga na chuo kikuu. Kuanza mapema hakukatazwi popote. Mpe vikombe 7 vilivyofunikwa. Kila hatua anageuza vikombe 4 vyovyote. Avisimamishe vyote. Mwache ahangaike, usimwambie kitu. Baadaye atagundua kwamba idadi ya vilivyofunikwa inabaki witiri kila mara, kwa hiyo haifiki 0. Akigundua, mwambie ageuze vitatu vitatu badala ya vinne. Hapo hatua tatu zinatosha: kikombe kimoja kinageuzwa katika kila hatua, na vile sita vilivyobaki viwili viwili.

*Kidato cha sita PCM, Pasiansi:* Mtihani wa taifa uko mbele yangu. Haya yataniongezea alama?

Nikujibu kwa ukweli: moja kwa moja, kidogo. Advance, yaani mtihani wa kidato cha sita, inataka uwe na kasi kwenye mada za silabasi, na mazoezi yake ni mengine. Kwa sasa maliza silabasi, olimpiadi ipe Jumamosi asubuhi. Utakachochuma ni ujasiri wa kukaa na swali usilolijua bila kukimbilia majibu ya nyuma ya kitabu.

*Kidato cha tano EGM, Kirumba:* Mwalimu, nina swali nimekwama nalo. Andika 1 hadi 10, kila namba uipe alama ya kujumlisha au kutoa. Jibu linaweza kuwa 0?

Anza na zote za kujumlisha: jumla ni 55. Ukigeuza alama ya namba x kuwa ya kutoa, jumla inapungua 2x, ambayo ni shufwa. Kwa hiyo jumla inabaki witiri siku zote, na 0 ni shufwa. Haiwezekani. Kwa 1 hadi 12 inawezekana, kwa sababu namba nne zinazofuatana zinauana zenyewe: 1 − 2 − 3 + 4 = 0, kisha 5 − 6 − 7 + 8, kisha 9 − 10 − 11 + 12. Kwa 1 hadi 11, anza na 1 + 2 − 3 = 0, halafu nne nne. Sasa wewe na wenzako wa Kirumba fanyeni hili: badala ya namba, wekeni miraba yake, 1² hadi 8². Kwanza tafuteni 1² − 2² − 3² + 4² inatoa ngapi, na 5² − 6² − 7² + 8² inatoa ngapi.