Mita 20 za kwanza: namna ya kupima kasi ya winga kwa simu

Ukisikia mchezaji fulani ana mbio, uliza kwanza: mbio za mita ngapi? Nafundisha soka la wasichana hapa Tabora, na nimeona mara nyingi kwamba mpira ukipenyezwa nyuma ya mabeki, anayeufikia si lazima awe yule bingwa wa mita 100 wa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Mchezaji wa soka hapati nafasi ya kukimbia mita 100. Anapata kumi, kumi na tano, ishirini, basi.

Waaustralia wamelielewa hili vizuri. Mpira wao wa miguu si huu wetu: una umbo la yai, unashikwa kwa mikono, kila timu ina watu 18, na uwanja waweza kufika urefu wa mita 185. Ukikimbia nao, kila mita 15 lazima uudundishe au uuguse chini. Uwanja mkubwa namna hiyo, na bado kijana anayetaka kuingia ligi yao kuu, AFL, hupimwa mita 20 tu, akianza amesimama. Mitambo ya mwanga husoma muda wake. Akishuka chini ya sekunde 3, huyo ana kasi kweli. Joel Wilkinson, aliyewahi kuchezea klabu ya Gold Coast na mwenye asili ya Nigeria, alikimbia sekunde 2.75.

Wapo wanaodai kwamba hapo amempita Usain Bolt, ambaye katika mbio za mita 100 za Berlin mwaka 2009 alifika mita 20 kwa karibu sekunde 2.9. Si kweli. Saa ya Bolt ilianza bastola ilipolia, na sekunde 0.146 zilipita kabla hajasukuma mguu. Saa ya Waaustralia huanza mchezaji mwenyewe anapoondoka. Kwa hiyo na wewe, filimbi iache mfukoni. Unapima miguu, hupimi masikio.

Na saa ya mkononi iache pia. Kidole chako kikichelewa kidogo tu, tofauti ya winga wako wawili imeshapotea. Tumia video. Simu nyingi za siku hizi hurekodi fremu 60 kwa sekunde. Ingia kwenye mipangilio ya kamera uhakikishe.

Tafuta ardhi ngumu. Mchanga wetu wa Tabora unameza hatua ya kwanza, na hiyo ndiyo unayoitaka. Pima mita 20 kwa tepu ya fundi, chora kwa majivu mstari wa kuanzia, wa mita 10 na wa mita 20. Simu iweke pembeni, mkabala na mita 10, umbali wa hatua ishirini hivi, juu ya kiti au tofali. Isishikwe na mtu.

Sasa sehemu ambayo wengi huiruka. Simu inautazama mstari wa mita 20 kwa pembeni, kwa hiyo kwenye video mchezaji ataonekana amevuka kabla au baada ya kuvuka kweli. Msimamishe mtoto mmoja juu ya mstari, katikati ya njia. Wewe chungulia kwenye simu, mwenzako achomeke fimbo upande wa simu, aisogeze mpaka ikifunike kiuno cha yule mtoto. Fanya hivyohivyo kwa mita 10. Kuanzia hapo usiangalie majivu. Kiuno kikifika kwenye fimbo, amefika.

Mchezaji aweke mguu wa mbele kwenye mstari, atulie bila kujiyumbisha, aondoke akiwa tayari. Hesabu fremu tangu mguu wa nyuma unapoinuka mpaka kiuno kinapofikia fimbo, kisha gawanya kwa 60. Fremu 204 ni sekunde 3.4. Mpe nafasi tatu, akipumzika vya kutosha katikati, uandike iliyo bora. Namba zako usizipambanishe na za AFL, maana mitambo yao haianzi kuhesabu pale unapoanza wewe. Mlinganishe binti na yeye mwenyewe.

Soma mita 10 za mwanzo kando na 10 za mwisho. Anayechelewa mwanzoni mpe mbio fupi za kupanda mwinuko. Anayechelewa mwishoni muache akimbie mita 40 kwa nguvu zote, mara chache, akipumzika kabisa kila baada ya moja.

Kisha mrudishe kwenye mstari uleule akiwa na mpira mguuni. Kwangu mimi kipimo hiki ndicho kizito zaidi. Ukiona mpira unamwongezea muda mwingi kuliko wenzake, shida yake haipo kwenye mapafu wala mapaja. Anausukuma mbali mno, au anaugusa kila hatua. Rudisha video polepole uone ni lipi kati ya hayo mawili, umwonyeshe hapohapo uwanjani kabla hajavua njumu.