Balansi ikipanda kwa usiku moja, usivunjike moyo

Bandugu wa Goma, najua ile uchungu, unatafuta kupunguza uzito, juzi balansi ya kupima mwili ilisema kilo 84, leo 85 na nusu, na jana ulikula kidogo tu! Hiyo si mafuta. Kama jana ulikula makayabu (samaki ya chumvi) na bugali, chumvi inashika maji mu mwili, na sukari ya ile bugali mwili inaiweka akiba pamoja na maji, kila gramu 1 ya ile akiba na maji karibu gramu 3, njo maana kilo 1 ao 2 zinaweza kupanda na kushuka mu siku moja bila wewe kunenepa. Hata ukikunywa litre moja ya maji sasa hivi, balansi inaongeza kilo 1 palepale.

Jipime asubui, ukishatoka choo, mbele ya kula, balansi ileile, ku simenti si ku tapi. Andika mu telefone. Juma ikiisha jumlisha zote, gawanya na 7, linganisha juma na juma. Kupunguza nusu kilo kwa juma ni muzuri sana. Wamama, mbele ya siku zenu maji inaongezeka, linganisha mwezi na mwezi. Na tafazali, usikatale chakula cha mangaribi juu ya hasira ya balansi.