Jinsi ya kuweka PDF, Word na Excel kwenye diski moja na presentesheni bila linki kufa

Presentesheni inafunguka poa, video inacheza, muziki unalia, halafu mtu anabofya kile kitufe cha "Soma ripoti nzima" kompyuta inamwambia faili halipo. Na faili lipo humo humo kwenye diski, analiona kwa macho yake! Mimi ilinikuta nikiwa nimeshachoma CD 40 na kuzigawa zote, ndo naanza kupigiwa simu. Kumbe linki zangu zote zilikuwa zinaelekea C:\Users halafu jina langu halafu Desktop, yaani kila aliyebofya kompyuta yake ilikuwa inalitafuta faili kwenye leptopu yangu mimi. Kwangu kila kitu kilifanya kazi, ndo maana sikushtuka mapema.

Nitaelezea kwa PowerPoint ya Windows maana ndo wengi wanayotumia, ila mantiki ni ile ile hata kama menyu ya diski yako umeitengeneza kwa HTML, yaani ukurasa unaofunguka kwenye brauza.

Hatua ya 1: tengeneza folda kabla ya slaidi

Watu wengi wanafanya kinyume, wanamaliza slaidi ndo wanaanza kukusanya mafaili kutoka kila kona. Anza na folda moja, iite DISKI au vyovyote, hii ndo itakuwa diski yako kama ilivyo. Mimi naweka presentesheni na nyaraka zote pamoja hapo hapo juu zikiwa chache. Zikizidi kama kumi hivi natengeneza folda ndogo ndani yake inaitwa nyaraka. Kopi kila kitu humo KWANZA, na ile presentesheni yenyewe i-save humo hata kama bado ina slaidi moja tupu. Usipoi-save kwanza PowerPoint haijui yenyewe inakaa wapi, kwa hiyo ukiweka linki inaandika njia yote kuanzia C: na hapo umeshaharibu.

Majina ya mafaili yawe mafupi, herufi ndogo, bila nafasi wala alama za ajabu ajabu. ripoti2.pdf inatosha. Mfumo wa zamani wa CD, ISO 9660, kwenye kiwango chake cha kwanza unaruhusu herufi 8 tu na 3 za baada ya nukta, nyongeza yake inayoitwa Joliet ndo ikaongeza hadi 64, kwa hiyo jina refu kama sentensi linaweza kukatwa wakati wa kuchoma na linki inabaki inatafuta jina ambalo halipo tena. Na amua mapema herufi kubwa au ndogo, sio linki inasema Ripoti.pdf faili linaitwa ripoti.PDF. Windows itakusamehe, Linux haikusamehe.

Hatua ya 2: weka linki

Chagua maandishi au kitufe, bonyeza Ctrl na K, chagua faili kutoka kwenye ile ile folda ya DISKI (sio ile kopi ya zamani iliyoko Documents, hili kosa nimelifanya mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri). Angalia kile kisanduku cha Address pale chini. Ukiona ripoti2.pdf au nyaraka/ripoti2.pdf peke yake umepatia. Ukiona C: au D: futa uanze tena. Hata D: usiitumie ukidhani ndo diski, kwa mwingine diski inasoma E: au F:.

Kuna wanaopenda kuingiza Word au Excel ndani ya slaidi yenyewe kwa Insert Object. Inafanya kazi na hakuna linki ya kukatika, lakini presentesheni inanenepa, na ukiingiza Excel hivyo unaingiza kitabu kizima, pamoja na zile shiti ulizozificha. Fikiria mara mbili kama humo kuna mishahara ya watu.

Hatua ya 3: chungulia ndani

Hii wengi hawaijui na mimi ndo ninayoiamini kuliko zote. Faili la pptx ni zipu tu. Lifanyie kopi, badilisha mwisho wa jina uwe .zip, lifungue, ingia ppt, slides, halafu _rels. Kila slaidi ina kifaili chake humo, kifungue kwa Notepad utafute neno file:/// . Ukilikuta, hiyo linki imebeba njia ya kwako, rudi kwenye slaidi hiyo uirekebishe. Dakika tano tu.

Hatua ya 4: mtu atafungua kwa kutumia nini?

Nyaraka za kusoma tu zigeuze PDF, kwa sababu karibu kila brauza inafungua PDF siku hizi, wakati docx inategemea kama ana programu na fonti ulizotumia. Excel bakiza kama Excel pale tu anapotakiwa kujaza kitu, na hapo kumbuka diski haiandikiki, kwa hiyo mwandikie kwenye slaidi yenyewe kwamba akopi faili kwenye kompyuta kwanza ndo ajaze, la sivyo atajaza nusu saa halafu akikaribia ku-save inamgomea. Mwambie pia kwamba akibofya linki anaweza kuona onyo la usalama, ni kawaida.

Presentesheni i-save kama ppsx (mfano anza.ppsx) ili ifunguke moja kwa moja kwenye shoo. Ile PowerPoint Viewer ya bure usiitegemee, Microsoft waliiondoa 2018. Kama huna uhakika wasikilizaji wako wana PowerPoint, menyu ya HTML ni salama zaidi.

Ipo pia Package Presentation for CD, kwenye File kisha Export. Naitumia kwa Copy to Folder, inakusanya video na sauti zilizolinkiwa, ila zile nyaraka naziongeza mwenyewe kwa Add halafu nahakiki kwa macho. Sijawahi kuiachia kazi yote.

Hatua ya 5: jaribu ndo uchome

Kopi folda kwenye flashi, halafu ile ya kwenye kompyuta ibadilishe jina, DISKI iwe DISKI_x. Hapo linki yoyote inayodanganya itaumbuka. Bofya kila kitufe ukiwa kwenye shoo, kila kimoja. Kisha jaribu kwenye kompyuta ya mtu mwingine kabisa.

Wakati wa kuchoma Windows inakuuliza unataka itumike kama flashi au kwenye pleya ya CD/DVD, chagua ya pili. CD inabeba MB 700, DVD ya kawaida GB 4.7 ambazo kompyuta inazionyesha kama 4.37 hivi, usiijaze mpaka shingoni. Ukitaka ijiwashe, weka faili la maandishi linaloitwa autorun.inf, lisiwe ndani ya folda yoyote ya diski, lenye mistari miwili:

[autorun]
shellexecute=anza.ppsx

Windows za sasa huwa zinauliza kwanza kabla ya kufungua, na Mac haiijali kabisa, kwa hiyo andika na juu ya diski: "fungua faili la anza".

Choma moja. Ijaribu hiyo moja. Zile 39 zisubiri.