Somo: Kumlalamikia askari polisi Uganda, kutoka kituoni hadi Tume

Kenya wana IPOA, mamlaka ya kiraia ya kuwachunguza polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Sisi Uganda hatuna chombo cha namna hiyo. Tuna PSU, kitengo cha nidhamu kilicho ndani ya polisi wenyewe, na nje yake Tume ya Haki za Binadamu iliyowekwa na Katiba ya 1995. Tangu enzi ya tume ya Jaji Sebutinde, iliyochunguza rushwa polisi kuanzia 1999, mageuzi yamesemwa sana, lakini bado polisi humchunguza polisi mwenzake. Kwa hiyo barua moja haitoshi: peleka ndani, na siku hiyohiyo peleka nje.

Hatua ya 1: Pata namba. Ukiripoti kituoni, tukio huandikwa kwenye kitabu cha kituo na kupewa namba ya SD, ambayo ndani yake mna tarehe. Likifunguliwa jalada la kesi, kuna namba ya CRB. Wengi hutoka kituoni na namba ya simu ya askari badala ya namba ya SD. Simu huzimwa, kitabu hubaki.

Kama umepigwa, omba Fomu ya Polisi namba 3 upeleke hospitali. Kama waliokupiga ni wa kituo hichohicho, tangulia kwa daktari aandike anachokiona, kisha fomu uichukue kituo kingine. Vidonda hupona haraka kuliko kesi, kwa hiyo piga picha mapema.

Hatua ya 2: Andika barua. “Polisi walininyanyasa” haimsaidii mchunguzi. Andika saa, mahali, jina lililo kifuani kwa askari, namba ya gari na waliokuwepo. Ukurasa mmoja unatosha. Matusi yaache nyumbani.

Hatua ya 3: Chagua mlango. Hapa ndipo watu hupotea. Sheria ya Polisi inakuruhusu kumwandikia mkuu wa polisi wa wilaya, DPC, au Inspekta Jenerali, kuhusu rushwa, vitisho au uzembe. PSU nayo hupokea malalamiko. Huko utakachopata ni nidhamu: askari anaweza kushtakiwa kwenye mahakama ya polisi, akashushwa cheo au akafukuzwa. Fidia hupati huko.

Fidia iko kwa Tume, ambayo ina uwezo kama wa mahakama na inaweza hata kuamuru mtu aachiwe. Ina ofisi Kampala na mikoani: Arua, Gulu, Soroti, Moroto, Jinja, Mbarara, Fort Portal na kwingineko. Hakuna ada. Ila usikae sana, kwani lalamiko lililopitisha miaka mitano halipokelewi, na jambo ambalo tayari liko mahakamani Tume hailigusi.

Hatua ya 4: Kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri hukupeleka kitu.

Maswali ya wanachama

*Mpwa wangu yuko ndani tangu Ijumaa, na wanasema wikendi haihesabiwi. Kweli?*
Si kweli, mama. Ibara ya 23 ya Katiba inatoa saa 48 tangu kukamatwa, na haikutenga Jumamosi wala Jumapili. Muone mkuu wa kituo, halafu DPC, na uwaarifu Tume. Wakigoma, wakili aombe Mahakama Kuu iamuru aletwe mbele yake. Ibara ya 44 inasema haki hiyo haiondolewi kamwe.

*Bondi ya polisi ni shilingi ngapi?*
Bure. Bondi ni dhamana ya kuachiwa kutoka kituoni, na anatakiwa mdhamini tu. Anayekudai “ya mafuta” anaomba rushwa. Iandike kwenye barua yako.

*Askari akisema alitumwa na mkubwa wake?*
Kwa mateso, sheria ya 2012 ya kuzuia mateso haikubali kisingizio hicho. Na Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya 2019 inamfanya ofisa awajibike yeye binafsi, hata alipe sehemu ya fidia kutoka mfukoni mwake.

*Tume inalipa kweli?*
Tume huamua, serikali ndiyo hulipa, na hulipa polepole sana. Mwenyekiti Med Kaggwa alipofariki Novemba 2019, kiti chake kilikaa wazi hadi 2021, na wenye kesi wakangoja. Sikudanganyi, ndugu, ni safari ndefu. Ukihitaji askari aondolewe kazini mapema, isukume zaidi barua ya PSU.

*Naogopa watanifuata. Mwingine anaweza kulalamika kwa niaba yangu?*
Anaweza. Ibara ya 50 inaruhusu mtu au shirika lolote kwenda mahakamani kwa haki za mwenzake zilizovunjwa. Tafuta shirika la msaada wa sheria liwe mbele, na nakala zako ziweke kwa mtu asiyeishi nyumba moja nawe.