Kabla ya Kwenda Mwitongo, Nyumbani kwa Mwalimu

Wageni wengi wanaofika Butiama, kijiji kilipo Mwitongo, huwa safarini kuelekea Serengeti, na dereva ameshaambiwa asubiri nusu saa. Nusu saa haitoshi kabisa. Tenga nusu siku, na kama unaweza ulale Musoma ili ufike asubuhi kabla jua halijawa kali.

Butiama ndiko Mwalimu Julius Nyerere alikozaliwa mwaka 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Ndiko alikorudi kulima baada ya kung'atuka urais mwaka 1985, na ndiko alikozikwa Oktoba 1999. Usitarajie ikulu ndogo. Kuna nyumba ya kawaida aliyoishi miaka mingi, na nyingine aliyojengewa na jeshi ambayo hakujaliwa kuikalia sana. Kuizunguka ni mawe makubwa, miti na mashamba.

Kwa hiyo maandalizi ya kwanza ni kusoma. Lipitie Azimio la Arusha la mwaka 1967, hasa sehemu ya masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni. Unaweza kuyapinga masharti hayo, na wapo Watanzania wengi waliofanya hivyo, lakini ukifika Mwitongo ukiwa umeyasoma utaelewa kwa nini aliyetawala zaidi ya miaka 20 alizeekea mahali pa namna hii. Asiyesoma ataona nyumba tu, kisha atauliza choo kiko wapi.

Makumbusho ya Mwalimu yaliyopo hapo ni ya serikali, chini ya Makumbusho ya Taifa, na yana kiingilio na waongozaji. Beba kitambulisho, kwa sababu Mtanzania na mgeni wa nje hawalipi sawa, pamoja na fedha taslimu kidogo. Makazi, kwa upande wake, ni ya familia. Usijiingize uani wala kupiga picha watu na vyumba kabla hujaomba ruhusa. Mwongozaji atakuambia wapi panaruhusiwa siku hiyo. Walimu wanaopeleka wanafunzi waandike barua mapema.

Kaburini, vaa kwa heshima na vua kofia. Wazazi wake nao wamelala hapo Mwitongo. Jimbo Katoliki la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza mwenyeheri mwaka 2005, hivyo unaweza kukuta watu wakisali rozari pembeni yako. Punguza sauti, simu izimwe. Mimi naona hapo ndipo mgeni anapopimwa adabu yake.

Tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki, umati huwa mkubwa. Anayetaka ibada na kukutana na watu aende siku hiyo. Anayetaka kumuuliza mwongozaji maswali marefu achague siku nyingine. Machi hadi Mei kuna mvua, na mawe yakilowa huteleza, basi vaa viatu vinavyoshika.

Kwa usafiri, mabasi ya Mwanza kwenda Musoma hupita Makutano. Shuka hapo, tafuta gari dogo au bodaboda ya kuingia Butiama, na patana bei kabla hujapanda. Muulize dereva huyo huyo usafiri wa kurudi huwa unaisha saa ngapi.