Mtoto aeleze kukamua tui: video fupi ya simu, hatua kwa hatua

Mtoto wa miaka 5 hadi 7 anajua kazi nyingi za nyumbani kuliko anavyoweza kuzieleza. Akijirekodi na kujisikiliza, anagundua mwenyewe pale aliporuka. Hapa tunatumia kukamua tui, kazi ambayo watoto wa Mtwara na Lindi wanaiona jikoni tangu wakiwa mgongoni. Kubangua korosho msijaribu: mafuta ya ganda bichi yanababua ngozi.

1. Andaa kabla hujamwita. Nazi moja ikune mwenyewe. Meno ya mbuzi si ya vidole vya mtoto. Weka mabakuli matatu, chujio, na vikombe viwili vya maji ya uvuguvugu.

2. Tega simu. Barazani, saa 2 hadi saa 4 asubuhi, mtoto akielekea kwenye mwanga. Adhuhuri kivuli cha kichwa chake kitafunika bakuli. Simu ilazwe kwa ubavu, iegemee kopo lililojaa mchanga, umbali wa mkono mmoja. Ikisogea mbali, sauti inafifia. Futa lenzi kwa upindo wa kanga na uweke hali ya ndege, usije ukapigiwa katikati ya kazi. Msimu wa kusi, hamieni upande wa nyumba uliokingwa, la sivyo mtasikia upepo mtupu.

3. Wewe uwe mikono, yeye awe mdomo. Hatua hii msiiruke. Kabla ya kurekodi, mwambie akuelekeze, nawe ufuate neno kwa neno. Akisema "kamua" kabla hajataja maji, kamua nazi kavu, kisha mfungulie kiganja aone hakuna kilichotoka. Usimsahihishe. Ngoja. Mara nyingi atasema mwenyewe: "Aa, maji kwanza!"

4. Rekodi vipande vinne, kila kimoja sekunde 15 hadi 20. Kumimina kikombe cha kwanza. Kukanda (kazi yenyewe ichukue kama dakika mbili, mrekodi mwanzo tu). Kukamulia kwenye chujio na kuweka kando tui zito la kwanza. Kisha kurudia na kikombe cha pili kupata tui jepesi. Akinyamaza, uliza "halafu?" basi. Ukisema "sasa unamimina maji, siyo?" atajibu "ndiyo", na maelezo yatakuwa yako, si yake.

5. Sikilizeni simu ikiwa kifudifudi. Bila picha, utasikia tatizo kubwa la video za watoto: "unachukua hii, unaweka hapa, unafanya hivi." Kamera inaona, kwa hiyo mtoto haoni haja ya kutaja. Muulize: bibi aliye shambani, anayesikia sauti tu, atajua "hii" ni nini? Rudieni hadi "hii" iwe chujio na "hivi" iwe kuminya kwa kiganja. Akitumia neno la Kimakonde au Kimwera, liache. Ametaja kitu kwa jina, na ndicho tunachotaka.

Kama video itatumwa kwenye kundi la WhatsApp, rekodi mikono tu, na sare ya shule avue.

Kipande kilichoharibika kirudiwe hicho tu. Nazi ikiwa imekwisha, machicha yaleyale na maji kidogo yanatosha kwa picha.